KAULI YA TAWI: CHETI CHA NGAZI YA KWANZA SI CHA WALIOFELI



Jumapili ijayo saa 4 asubuhi tuna mkutano mkuu wa tawi. Ajenda namba 3 ni matumizi ya shilingi 1,200,000 zilizopo kwenye mfuko wetu. Maneno juu ya ajenda hiyo yamekuwa mengi, mengine kijiweni, mengine humu humu kwenye simu usiku wa manane. Kamati ya Tawi imeona ni vyema msimamo wake uandikwe na usomwe na kila mtu kabla ya mkutano, ili tukikutana tubishane kwa hoja.

Fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya sherehe ya tawi: fulana 60 kwa shilingi 12,000 kila moja, jumla 720,000, mahema na muziki, 480,000. Kamati inapendekeza sherehe iwe ya chai na hotuba tu, na fedha zote ziwe nauli ya wakazi 10 wa mtaa huu kwa miezi 5, waende kusomea cheti cha ngazi ya kwanza cha ufundi stadi. Sababu zetu ni hizi.

*1. Barua ya Katibu inaishia getini*

Kila wiki ofisi ya tawi inapokea watu wenye ombi moja: "Katibu, niandikie barua, nimesikia wanachukua watu." Barua tunaandika na tutaendelea kuandika. Lakini barua inasema mtu ni nani na anaishi wapi. Haisemi mikono yake inaweza nini. Msimamizi anayekuta vijana hamsini getini alfajiri hana muda wa kumjaribu mmoja mmoja. Anauliza cheti. Mwenye nacho anaingia kuandikishwa, asiye nacho anaambiwa akae pembeni, na akibahatika anaitwa kubeba zege siku moja, deiwaka, jioni anapewa chake na kuambiwa asante.

Mwaka huu tumeliona hilo kwenye ujenzi mmoja jirani na kwetu. Vijana wetu waliokwenda tunawafahamu kwa kazi zao, kuta za nyumba nyingi za mtaa huu wamezipandisha wao. Wengi walirudi nyumbani saa 3 asubuhi. Nafasi za kudumu walipewa vijana waliotoka mbali, wenye vyeti mkononi. Wapo waliosema ni ukabila, wapo waliosema ni siasa, wapo waliosema ni mchongo wa watu wachache. Sisi tulikwenda kuuliza na jibu tulilopewa lilikuwa fupi: leteni watu ambao ujuzi wao umethibitishwa.

Jibu hilo linauma, lakini lina faida moja: linatuonyesha kitu tunachoweza kukifanyia kazi wenyewe.

*2. Cheti chenyewe ni kipi*

Wazee wetu wanakumbuka mitihani ya gredi. Mtu alianza na Gredi ya Tatu, akapanda hadi ya Pili, akamaliza na ya Kwanza. Siku hizi hesabu imegeuzwa. Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ambayo wengi wanaiita NVA, inaanza na ngazi ya 1, inapanda hadi ya 2 na ya 3. Kwa hiyo ukisikia "ngazi ya kwanza" usidhani ni ya juu. Ni mlango wa kuingilia. Mwenye cheti hicho anatambulika kuwa anaweza kufanya kazi za kawaida za fani yake chini ya usimamizi wa aliyemzidi.

Wapo wanaokidharau kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ni cha chini. Tunawajibu kwa maneno ya wahenga: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayemaliza ngazi ya 1 anaweza kuendelea na ya 2 na ya 3, na kwa mwenye cheti cha kidato cha nne, ngazi ya 3 inafungua njia ya kwenda astashahada na stashahada za ufundi. Na anayesema vyeti hivi ni vya waliofeli, aangalie serikali inafanya nini: tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika baadhi ya shule za sekondari, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa mkondo huo anajifunza fani pamoja na masomo mengine. Ufundi umehamishwa kutoka mlango wa nyuma kwenda mlango wa mbele. Aliyemaliza shule kabla ya mabadiliko hayo ndiye atakayeachwa nyuma, na vijana wa namna hiyo mtaani kwetu wamejaa.

*3. Kinachofundishwa si nyundo peke yake*

Tunaomba hapa tusomwe taratibu, maana ndipo penye kiini cha hoja yetu.

Fundi wetu wa mtaani akipelekwa chuoni leo, sehemu kubwa ya kazi za mkono ataikuta anaijua. Kinachomwangusha kazini ni mambo mengine, yale yanayohitajika katika kila kazi, iwe ya uashi, ya jikoni au ya stoo: kufika kwa wakati na kutoa taarifa usipofika, kusoma mchoro na vipimo, kupiga hesabu ya vifaa kabla ya kuanza, kuandika ulichotumia, kuvaa kofia na buti za usalama hata kama jua ni kali, kumjibu mteja mwenye hasira bila kumtupia vifaa, kupokea sahihisho kutoka kwa mtu mdogo kwa umri. Vyuoni, pamoja na fani, zinafundishwa pia hesabu, Kiingereza cha kazini, stadi za maisha na ujasiriamali. Vijana wengi huziona hizo kama saa za kusinzia. Waajiri wanaziona kama nusu ya kazi.

Anayeandika kauli hii kwa niaba ya Kamati ni mtu wa uhasibu, kwa hiyo tuchukue mfano wa stoo. Mifuko 40 ya saruji imeingia asubuhi. Jioni fundi anasema "imetumika". Mingapi? "Mingi tu." Imebaki mingapi? "Kidogo." Fundi huyo anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, lakini mwenye mradi hatamwamini. Mwenzake anayeandika kwenye daftari kwamba imeingia 40, imetumika 31, imebaki 9, na kutia sahihi, huyo mwezi ujao ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa stoo. Tofauti ya hao wawili si nguvu wala kipaji. Mmoja alifundishwa kuandika, mwingine hakufundishwa.

Mfano wa pili ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kijana asiyeijua namba 45 atafanya saa 60, atapewa malipo ya 45, na atashukuru. Anayeweza kusoma mkataba na hati yake ya mshahara atauliza kwa adabu, na mara nyingi atajibiwa. Chama kinachosema kinatetea wafanyakazi hakiwezi kuona mafunzo ya namna hii kama jambo la pembeni.

*4. Kwa mafundi wa siku nyingi: hamhitaji kuanza darasani*

Wapo watakaosema: "Nimejenga miaka 15, leo nikakae dawati moja na mwanangu?" Hapana. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anaomba, anapimwa kwa kuulizwa na kwa kufanya kazi mbele ya wapimaji wa fani yake, anaonyeshwa palipo na pengo, anafundishwa hilo pengo tu, kisha anapewa cheti. Serikali nayo imeuweka utambuzi huo ndani ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi tangu mwaka wa fedha 2016/17. Fani zinazohusika ni pamoja na uashi, useremala, ufundi magari, upishi na uhudumu wa chakula na vinywaji.

Mama lishe anayelisha watu 80 kila mchana, anayejua bei ya mchele katika masoko matatu na hajawahi kumuumiza mtu tumbo, ana ujuzi kamili. Anachokosa ni mtu wa nje wa kuuthibitisha. Bila uthibitisho huo, zabuni ya kupika kwenye semina inaondoka na kampuni kutoka mjini, na yeye anaitwa kuosha vyombo. Kina mama, hili ni lenu hasa.

Tena cheti kinamlinda fundi mzuri dhidi ya fundi maiko. Leo wote wawili wanasimama pale pale kijiweni na mteja hawezi kuwatofautisha mpaka paa lianze kuvuja.

*5. Fedha ya mafunzo tayari inalipwa*

Jambo hili wengi hawalifahamu. Kwa kawaida mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya jumla ya malipo ya wafanyakazi wake. Haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi, anailipa mwajiri mwenyewe. Tupige hesabu: mwajiri mwenye watu 20 wanaolipwa shilingi 300,000 kila mmoja analipa mishahara ya 6,000,000 kwa mwezi. Asilimia 3.5 yake ni 210,000. Kwa mwaka ni 2,520,000, kwa mwajiri mmoja mdogo tu.

Sehemu ya tozo hiyo imewekwa kwa ajili ya mafunzo ya ufundi stadi. Ndiyo maana ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa ndogo: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Gawa 60,000 kwa siku 365, unapata shilingi 164 kwa siku. Nafasi hizo zimegharamiwa kwa jasho la wafanyakazi wa nchi hii. Mtaa usiopeleka vijana wake unawaachia wengine haki yao.

*6. Kwa nini nauli, si ada*

Kama ada ni ndogo, kijana anakwama wapi? Hesabu inajibu. Kutoka kwetu kwenda Chang'ombe kwa daladala ni shilingi 600, kurudi 600. Siku 5 ni 6,000 kwa wiki. Wiki 4 ni 24,000. Ndani ya miezi mitatu nauli imekuwa 72,000, imeipita ada ya mwaka mzima, na bado hajala mchana. Ada inaweza kupatikana mara moja, shangazi akachangia, mjomba akaongeza. Nauli inadaiwa kila asubuhi. Kijana ambaye angeweza kupata 10,000 kwa deiwaka anatakiwa aiache na wakati huo huo atoe 1,200 mfukoni. Wiki ya tatu anakosa siku moja, wiki ya sita anakosa tatu, kisha habari zake hazisikiki tena.

Kwa hiyo: shilingi 6,000 kwa wiki, watu 10, wiki 20. Jumla 1,200,000. Ni sawasawa na fulana na muziki, bila kubaki senti.

*7. Majibu kwa hoja tulizosikia*

"Chama si chuo." Kweli. Hatujengi chuo wala hatuajiri walimu. Tunawafikisha watu kwenye chuo ambacho tayari kipo.

"Wenye digrii wamejaa mtaani, cheti cha ngazi ya kwanza kitasaidia nini?" Hatumwahidi mtu yeyote ajira. Kiongozi anayeahidi ajira kwa cheti anawadanganya. Tunachosema ni kwamba mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa anafikishwa kwenye usaili, na asiye nao anaishia getini. Na akikosa mwajiri, ujuzi ule ule wa kupima, kuandika na kutunza hesabu ndio utakaomsaidia kikundi chake kikiomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo wanawake wametengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mkopo usio na daftari ni deni la aibu.

"Fulana zinatangaza Chama." Zinatangaza, mpaka zipauke. Watu 10 waliorudi na ujuzi watatangaza kwa muda mrefu zaidi, na hata wasipotutaja, mtaa utakuwa umepata mafundi.

"Basi wawe wenye kadi tu." Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote, na tunajua ina wafuasi wengi humu. Waliochanga ni wanachama, na mtu ana haki ya kuuliza mbona anamlipia nauli jirani asiyechanga. Kamati imeijadili kwa muda mrefu na msimamo wake ni kwamba kadi isiulizwe. Tumelalamika mara ngapi pale nafasi za kazi zinapogawiwa kwa kujuana? Hatuwezi kukataa kujuana kwa wengine na kukuandikia kanuni kwa ajili yetu. Paa la shule likivuja, linawalowesha watoto wa vyama vyote, na fundi atakayeliziba hatutamuuliza kadi. Mwenye mawazo tofauti aje Jumapili aseme, atasikilizwa.

*8. Utaratibu tunaoupendekeza*

Kwanza, nafasi ni 10, na si chini ya 4 ziwe za wanawake. Mtoto, mke, mume au ndugu wa damu wa mjumbe wa Kamati hataomba katika awamu hii.

Pili, mwombaji awe mkazi wa mtaa, awe ameomba chuo mwenyewe na amepata nafasi. Fomu za kozi ndefu hutoka nusu ya pili ya mwaka kwa masomo yanayoanza Januari, hivyo hatuna muda wa kupoteza. Waombaji wakizidi 10, itapigwa kura ya kikapu hadharani.

Tatu, kama ni chuo binafsi, lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET. Vipo vyumba viwili vyenye bango na kompyuta tatu vinavyojiita chuo, vikichukua laki tatu na kutoa karatasi isiyotambulika popote. Ulizeni namba ya usajili kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Nne, nauli itatolewa kila Jumatatu kwa wiki moja moja, kwa sahihi, baada ya kuona mahudhurio ya wiki iliyopita. Mwenye udhuru wa ugonjwa au msiba atasikilizwa. Asiyehudhuria bila sababu kwa wiki mbili, nafasi itapewa anayefuata.

Tano, leja ya mfuko itakuwa wazi ofisini kila Jumamosi, kuanzia saa 3 hadi saa 6, kwa mwanachama na asiye mwanachama. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya mapato na matumizi itatumwa humu.

Sita, kwa mafundi na mama lishe wanaotaka kutambuliwa ujuzi wao, ofisi itasaidia kujaza fomu bila malipo yoyote. Anzeni sasa kukusanya ushahidi wa kazi zenu: picha za kazi mlizofanya, majina ya wateja wanaoweza kuwashuhudia, na daftari la hesabu kama lipo. Wasiojua kuandika vizuri waje bila aibu, tutaandika pamoja.

Ndugu zetu, Kamati imependekeza, uamuzi ni wa mkutano. Mkisema fulana, tutanunua fulana na risiti mtaziona. Lakini tunaomba kila mmoja, kabla hajanyoosha mkono Jumapili, amfikirie kijana mmoja anayemfahamu kwa jina, mwenye akili na mwenye bidii, ambaye kila asubuhi anakwenda kusimama getini akiwa na barua yetu mfukoni. Kisha apige kura.

Tafadhali wasomeeni wazee wasio na simu kubwa, na sambazeni kwa wakazi wote wa mtaa bila kujali itikadi.

Mkutano: Jumapili, saa 4 kamili asubuhi, ofisi ya tawi. Njooni na madaftari.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*